Pembe Iliyopakwa Chai

Leonise Michaud hakupenda pembe. Bonde zima lililijua hilo, kwa sababu Leonise hakuwa mtu wa kuficha asichokipenda. Alipika katika jiko la shule tangu ujana mpaka magoti yalipomkatalia, na wale watoto aliowagawia supu, ambao sasa ni watu wazima wenye vitambi na malori, bado walimwita Mama Supu na bado walimwogopa kidogo. Kwa wageni wanaoingia sebuleni kwake na kushangaa kuta zake alikuwa na salamu moja tu: "Karibuni makaburini. Nyama walikula wengine, mifupa tumeachiwa sisi."

Hakuwa akitia chumvi sana. Makoti yalitundikwa kwenye pembe. Visu vya jikoni vilikuwa na mipini ya pembe. Taa ya juu ya meza ilining'inia katikati ya pembe nne zilizofungwa waya, na kila alipopanda kiti kuifuta vumbi, Leonise alisema maneno ambayo padri hakupaswa kuyasikia. Zote aliziokota mumewe, Rosaire, ambaye kazi yake ilikuwa kukata magogo, na starehe yake kuokota pembe za musi.

Musi ni yule kulungu mkubwa wa kaskazini, mrefu kuliko farasi. Kila mwaka dume lake huota pembe pana kama sinia, na kila mwaka baridi ikishika huziangusha msituni, moja huku na nyingine kule, kisha theluji huzifunika. Mwezi wa nne theluji inapoanza kuyeyuka, wanaume wa bonde la mto Saint John huingiwa na wazimu. Ukiwasemesha hawasikii. Wanazunguka misituni vichwa chini kutwa nzima, na wakirudi na pembe moja wanaitazama utadhani wameizaa wenyewe.

Chuki ya Leonise ilikuwa na tarehe yake, na ilikuwa tarehe moja na ya kuzaliwa binti yao, Josette. Asubuhi ile Rosaire aliingia msituni akiahidi kurudi kabla ya chakula cha mchana. Uchungu ukamshika mkewe, na aliyempeleka hospitali alikuwa mama mkwe, kwa lori la viazi. Rosaire alitokea jioni, matope mpaka magotini, na begani amebeba pembe kubwa kuliko zote alizowahi kuokota, maana aliogopa kuiacha garini isije ikaibiwa. Muuguzi wa zamu alimtazama yeye, akaitazama pembe, akamtazama mtoto, kisha akamuuliza ni yupi kati ya hao wawili anataka apimwe uzito. Wodi nzima ilicheka, lakini Leonise aligeuza uso ukutani.

Pembe hiyo Rosaire aliiita ya Josette. Aliitundika kwa msumari ndani ya ghala, juu ya mlango. Ncha yake moja ilikuwa imetafunwa na nungunungu kabla haijaokotwa, ikabaki na mifereji midogo ya meno, na Rosaire alizoea kuinua mkono na kuigusa ncha hiyo kila anapoingia na kila anapotoka, kama watu wanavyogusa maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Leonise alimwona akifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, akapika, akafua, akalea, akazeeka, na hakuigusa pembe ile hata mara moja.

Kisha macho ya Rosaire yakaanza kufa katikati. Pembeni aliona, lakini pale hasa anapotazama paliingia doa la kijivu, na doa likazidi kupanuka. Akikutazama usoni alikukosa. Ilimbidi atazame sikio lako ndipo aione pua. Daktari wa mjini alisema doa halitarudi nyuma. Usukani wa gari ukahamia kwa Leonise, ambaye aliendesha kwa hasira na breki nyingi, na msimu uliopita yeye ndiye aliyempeleka mumewe msituni na kumngojea garini akifuma sweta. Rosaire alirudi mikono mitupu kila mara. Lililomuuma zaidi ni kwamba Clovis Daigle, mshindani wake tangu ujana, aliokota pembe nzuri kwenye kijia kilekile alichokuwa amepita Rosaire asubuhi yake, na Clovis, mtu mwema lakini mdomo wake hauna mlango, alimsimulia kila aliyekutana naye.

Baridi nzima iliyofuata Rosaire alikaa kwenye kiti cha kubembea karibu na jiko. Hapo ndipo Leonise alipoanza kuogopa. Kiti kile alikikalia baba yake Rosaire baada ya kuacha msitu, na hakuinuka tena. Mwaka haukuisha wakawa wamembeba kwenda kanisani. Leonise alikuwa akiosha vyombo huku anasikiliza miguu ya kiti ikigonga sakafu, na kila ilipokaa kimya kidogo aligeuka kuangalia.

Asubuhi moja, theluji ikianza kuoza barabarani, Rosaire alikuwa akila ploye, zile chapati laini za unga mweusi ambazo hakuna asubuhi bondeni bila hizo. Alikunja moja, akaichovya kwenye sharubati nzito ya utomvu wa miti, akasema, "Jumamosi nitapanda kilima cha Mgongo wa Nguruwe."

"Nenda. Nani kakushika?"

"Nikirudi mikono mitupu, basi. Buti apewe mtu mwenye macho. Sitaki kuzunguka msituni kama ndama aliyepotea, na wewe umenisubiri garini unaganda."

"Unaapa mbele ya chakula?"

"Sijaapa. Nimesema."

Na Rosaire akisema, amesema. Ndivyo alivyoacha tumbaku. Ndivyo alivyoacha kuzungumza na kaka yake kwa sababu ya msumeno, mpaka kaka huyo alipozikwa.

Kwa haki, Leonise alipaswa kushangilia. Maisha yake yote ya ndoa alimwomba Mungu amwondolee pembe nyumbani. Badala yake alichukua kapu la nguo, akaenda ghalani ambako hakukuwa na nguo ya kuanika, akalia, na alijikasirikia kwa kulia. Alipofuta uso na kuinua macho, pembe ya Josette ilikuwa pale juu ya mlango imekaa tu.

"Unanitazama nini?" aliiuliza.

Lakini tayari wazo lilikuwa limemwingia.

Pembe nyingine zote Rosaire alikuwa amezikata, au amezitoboa, au amezifunga waya. Hii peke yake ilikuwa nzima. Tena ilikuwa pana, na mtu anayeona kwa pembeni tu anahitaji kitu kipana. Tatizo lilikuwa rangi. Pembe iliyoanguka juzi huwa ya kahawia, na hii ilikuwa imepauka kwa kukaa ghalani miaka mingi. Leonise alikumbuka kwamba wanaume mezani kwake waliwahi kumcheka mtu mmoja aliyepaka chai pembe kuukuu ili ajisifie kuwa mpya. Akapanda ngazi, goti likilalamika, akaishusha. Akachemsha kopo zima la chai mpaka ikawa nyeusi, akaisugua pembe kwa kitambaa, mara moja, mara mbili, mpaka ikawa na rangi ya afya. Asubuhi iliyofuata, Rosaire alipoomba chai, aliambiwa imekwisha na anywe kahawa kama Mkristo.

Siku hiyo, Ijumaa, alimwacha mumewe kwa dada yake, Blanche, akasema anakwenda dukani kununua chumvi. Badala ya dukani aliendesha mpaka mwisho wa barabara ya magogo, chini ya Mgongo wa Nguruwe. Alikuwa amechukua kamba yake ya kuanikia nguo, na kwa kamba hiyo aliifunga pembe mgongoni, akashika fimbo, akaanza kupanda.

Goti lake la kushoto lilikuwa bovu na theluji ilikuwa laini. Alizama, akajinyanyua, akazama tena. Pembe ilikuwa na uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na ncha zake zilimchoma mbavuni kila alipoinama. Alipofika katikati ya kilima alisimama kuvuta pumzi, na hapo akatambua kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuibeba. Mgongoni mwake alikuwa amebeba mtoto, magunia ya viazi na mama mkwe aliyevunjika nyonga, lakini pembe hii alikuwa akiipita tu kila siku.

"Haya, wewe," aliiambia. "Umenikalia kichwani miaka yote hii. Leo fanya kazi."

Aliilaza kando ya kisiki kikubwa, mahali ambapo Rosaire hakosi kupumzika, mgongo juu na ncha chini kama alivyosikia wanaume wakisema. Akaitupia majani mawili matatu. Kisha akateremka, akampitia mumewe kwa Blanche.

"Dukani kulikuwa na foleni?" aliuliza Rosaire.

"Ndefu."

"Foleni, katika mji huu?"

"Watu wananunua, Rosaire. Ulitaka wasile?"

Rosaire hakuuliza chumvi iko wapi wala kwa nini gari zima linanuka dawa ya kuchua goti. Leonise aliegesha mbele ya mlango wa jikoni, mbali na ghala, ili mumewe asipate sababu ya kuinua mkono pale mlangoni na kukuta msumari.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Leonise ilikuwa fupi kuliko nyingi. Mwokota pembe hatembei moja kwa moja. Anazunguka, anarudi, anaingia vichakani, nyayo zake zinafanana na za kuku aliyekula mahindi yenye pombe. Leonise alikuwa mpishi. Alipanda kilima kwa mstari ulionyooka na akateremka juu ya mstari uleule, na theluji laini ikahifadhi kila hatua.

Jumamosi waliamka mapema. Rosaire alishangaa mkewe alipotoka naye garini.

"Leo hufumi?"

"Sweta imeisha."

"Na goti?"

"Goti ni langu. Wewe tembea."

Walipanda taratibu, Rosaire mbele akigeuza kichwa huku na huku ili pembeni mwa macho yake pafanye kazi, Leonise nyuma akimchungulia kwa shauku ambayo hakuwa nayo tangu siku za uchumba. Alikwishajipangia uso wa mshangao. Alikwishajipangia hata maneno. Walipokaribia kisiki alikohoa, akasema kwa sauti isiyo yake, "Pale kwenye kisiki hujapumzika siku nyingi."

Rosaire alikwenda kwenye kisiki. Leonise alitazama chini, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye buti. Palikuwa na majani yaliyobonyea, basi. Juu ya nyayo zake ndogo za jana palikuwa na nyayo kubwa za mwanamume, zimekuja na kuondoka.

Hakujua la kufanya. Akamzungusha Rosaire kisiki kile upande huu, akamzungusha upande ule, akampeleka mpaka kwenye mti ulioanguka na kumrudisha, akitumaini labda aliyeichukua ameidondosha. Rosaire alifuata kwa utii mpaka akachoka. Mwishowe alikaa juu ya kisiki, akavua kofia.

"Mbona unanizungusha hapahapa, mama?"

Hakuwahi kumwita hivyo, na alilitamka kwa upole ambao Leonise hakuuzoea. Angemfokea ingekuwa nafuu.

"Nilidhani..." alisema Leonise.

"Basi. Twende nyumbani. Tumejaribu."

Nyumbani Rosaire alivua buti zake. Siku zote alizisimamisha karibu na jiko zikauke kwa ajili ya kesho. Safari hii alizipangusa matope vizuri, akazifunga pamoja kwa kamba zake, akazitia kwenye mfuko. Kisha akakaa kwenye kiti cha kubembea. Leonise alisimama na mwiko mkononi, akaisikia miguu ya kiti ikianza kugonga sakafu, na akajisikia mjinga kuliko watu wote waliowahi kuishi bondeni. Alikuwa amempotezea mumewe msitu na pembe yake ya thamani kwa siku moja, na hata kumweleza hawezi.

Jua lilikuwa bado halijazama gari lilipoingia uani. Clovis Daigle huingia kwanza sauti, yeye mwenyewe baadaye.

"Mko? Mko? Wekeni kahawa! Rosaire, toka kwenye hicho kiti kabla hakijaota mizizi!"

Bondeni, atakayeokota pembe kubwa ya kwanza ya msimu huipitisha nyumba kwa nyumba. Huilaza juu ya meza ya jikoni, kila mtu huishika, na mwenyewe hupewa kahawa na nafasi ya kusimulia. Ubishi hauruhusiwi: aliyeigusa kwanza msituni ndiye mwenyewe. Lakini ghala la mwenzako huingii, wala yeye haingii lako, kwa sababu mwokota pembe haonyeshi alichonacho chote. Kwa hiyo Clovis, katika miaka yote ya kunywa kahawa ya Leonise, hakuwahi kuona kilichokuwa juu ya mlango wa ghala.

Alilaza pembe mezani. Leonise aliitambua kabla haijagusa kitambaa cha meza. Akalishika sinki.

"Angalia hiyo!" alisema Clovis. "Samahani, sikusema uangalie. Ishike! Ishike, mzee, halafu uniambie kama umewahi kuona mnyama kama huyo. Leo alfajiri, Mgongo wa Nguruwe."

"Na sisi tulikuwa Mgongo wa Nguruwe," alisema Rosaire, akivuta kiti mezani.

"Mmechelewa! Mwenye kulala hula mifupa. Sasa sikia nilivyoipata, maana hii si bahati, hii ni akili." Clovis alikaa, akajikunjua. "Nafika chini ya kilima, nakuta nyayo. Buti ndogo, za mwanamke au za mtoto, na alama ya fimbo upande wa kushoto. Zinapanda moja kwa moja! Hazichepuki, hazisiti. Nikajiambia, Clovis, huyu ana mahali pake pa siri. Nikazifuata. Nyayo zinafika kwenye kisiki, zinasimama, zinageuka, zinarudi zilikotoka. Na pembe imelala palepale! Mtu kaikanyagia kando, kaiacha! Nauliza, huyo ni kipofu gani?"

Clovis alisikia alichokisema, na uso wake ukaiva mpaka masikioni.

"Rosaire, ndugu yangu, sikuwa na maana..."

"Hapana, umeuliza swali zuri," alisema Rosaire. "Kipofu gani huyo?"

Vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuanza kutembea juu ya pembe. Vilipita kwenye upana wake, vikafuata ukingo, vikapanda ncha ya kwanza na kushuka, vikapanda ya pili. Leonise alivitazama vikikaribia ncha iliyotafunwa na akatamani nyumba iwake moto. Kando ya mlango zilikuwa buti zake ndogo, bado mbichi, na fimbo imeegemea juu yake. Alisogea akasimama mbele yake, sketi ikazifunika.

Kidole cha Rosaire kikafika kwenye mifereji ya meno ya nungunungu. Kikasimama hapo. Kisha kikaipapasa mara moja, polepole, kama kilivyofanya asubuhi zote zile. Rosaire aliinama akainusa pembe.

"Ina harufu," alisema.

"Harufu gani?" aliuliza Clovis.

Leonise alishindwa kuvumilia. "Clovis, hiyo pembe..."

"...inataka kahawa nyingine," alidakia Rosaire. "Mwongeze mgeni kahawa, Leonise, kikombe chake kinalia. Harufu ya kinamasi, Clovis. Dume lilishinda kwenye maji. Ni pembe nzuri, mzee. Ya mnyama aliyeshiba."

"Kweli?" Clovis alivimba kwa furaha, maana sifa ya Rosaire ilikuwa haipatikani ovyo.

"Sijashika nzuri kuliko hiyo. Utaitundika wapi?"

"Sijui. Wewe ungeitundika wapi?"

"Ndani ya mlango wa ghala, juu. Ukiingia unaigusa, ukitoka unaigusa. Ukiipata kama hiyo usiifiche."

Clovis alikunywa, akasimulia tena tangu mwanzo na nyayo zikazidi kuwa ndogo, akala ploye mbili zilizobaki, akaibeba pembe yake. Walisikia gari likiteremka kuelekea nyumba inayofuata. Leonise alikuwa bado amesimama mbele ya buti zake.

"Unaweza kutoka hapo," alisema Rosaire. "Nyayo zako nimezisikia."

Leonise alikaa kwenye kiti alichokiacha Clovis. Alitaka kusema mambo mengi, akaanza na dogo. "Kwa nini hukuidai?"

"Ningeidai vipi? Niseme mke wangu kapanda pembe msituni kama anayepanda viazi? Wangekucheka mpaka Krismasi."

"Wangenicheka tu. Ile ilikuwa pembe ya Josette, Rosaire! Uliipenda."

"Niliipenda." Alinusa vidole vyake. "Chai gani ulitumia?"

"Ile nyeusi."

"Yote?"

"Kopo zima."

Rosaire alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi, na Leonise, ambaye hakukisikia baridi nzima, alibaki kumtazama. Alimpenda sana saa ile, akaona haya kidogo kumpenda hivyo katika umri ule.

"Kwa hiyo ulinikatalia chai ukaipa pembe," alisema Rosaire akipangusa macho. Kisha akaacha kucheka. Alinyoosha mkono juu ya meza, ukapapasa kitambaa, ukaupata mkono wa mkewe. "Siku ile hospitali nilikuja nimebeba pembe, na wewe umebeba mtoto peke yako. Nilijua nimekosea tangu mlangoni. Sikuwahi kukwambia. Nikawa naigusa ile pembe tu kila siku, mjinga mimi, kama vile wewe ungejua."

"Nilidhani unaisifu."

"Nilikuwa nakuomba radhi."

"Ingekuwa rahisi zaidi kusema," alisema Leonise.

"Ingekuwa. Na wewe umeibeba mgongoni na goti hilo, kilima kizima, na unaichukia."

"Sasa nifanyeje? Ulitaka kukaa kwenye kiti cha baba yako. Mimi siwezi, Rosaire. Siwezi kuosha vyombo nikisikiliza kile kiti. Bora nyumba ijae mifupa mpaka darini."

Alilia basi, waziwazi, bila kwenda ghalani. Rosaire alimngoja. Alipomaliza, akamwambia, "Nilisema nikirudi mikono mitupu, basi. Sivyo?"

"Ndivyo ulivyosema."

"Pembe nimeipata. Nimeipata hapa mezani, kwa vidole vyangu mwenyewe, na Clovis ni shahidi. Toa buti zangu kwenye huo mfuko zikauke. Kesho unanipeleka."

"Kesho kuna Misa."

"Baada ya Misa. Njia ileile uliyopita na pembe. Utaangalia wewe, nitakwambia cha kuangalia. Nina akili ya kuokota na sina macho. Wewe una macho na huna akili."

"Ya kuokota!"

"Ya kuokota, ndiyo. Nyingine unazo."

Siku iliyofuata, wakiwa bado na nguo za kanisani chini ya makoti, Rosaire alipita ghalani kuchukua fimbo ya pili. Mlangoni mkono wake uliinuka wenyewe, ukakuta msumari mtupu, ukabaki hewani. Leonise aliuona, na moyo ukamuuma.

"Ile kamba uliyobebea iko wapi?" aliuliza Rosaire.

"Kamba yangu ya nguo? Garini. Ya nini?"

"Niletee."

Alimletea. Rosaire aliikunja mizunguko mikubwa kama wakata magogo wanavyokunja kamba, akapapasa mpaka akaupata msumari, akaitundika. Akashusha mkono. Akauinua tena, akaigusa.

"Na nguo zangu nitaanika wapi?" alisema Leonise.

"Kwenye pembe. Nyumba si imejaa?"

Kilimani hawakupata pembe siku hiyo, ila kipande cheupe kilichotafunwa na panya, kikubwa kiasi cha kiganja. Leonise ndiye aliyekiona, na alipiga ukelele uliowafukuza ndege. Alikitia mfukoni na hakumruhusu mumewe kukishika mpaka walipofika garini. Walishuka mkono wa Rosaire ukiwa begani kwa mkewe, naye mke akimwonya kwa kila jiwe na kila shimo.

Jumatatu watu waliopita barabarani waliona mashuka ya Leonise Michaud yakipepea barazani juu ya pembe sita za musi, na mwenyewe akiyapigapiga ili yanyooke, akiimba. Clovis Daigle alisimamisha gari kuuliza kulikoni.

"Kamba imepata kazi nyingine," Leonise alimjibu.